Simu Iliyomuulizia Reine

Mzee Mudathiru, fundi cherehani wa Kamembe, hakumpa mtu ufunguo wa chumba kabla ya kumpigia simu mwenye nyumba wake wa zamani. Wapangaji hudanganya, alipenda kusema, lakini sisi wenye nyumba hatudanganyani.

Kwa miaka minne alikuwa na Reine, muuza vitenge kutoka Bukavu, mpangaji ambaye hata choo cha wenzake alikisafisha. Jumatatu simu ikalia. Mwenye nyumba wa mtaa wa pili alitaka kujua tabia za Reine, maana alikuwa ameomba kwake vyumba viwili ili amlete mama yake mgonjwa.

Mudathiru akaona mpangaji mzuri anamponyoka. “Ni mgomvi,” akajibu, “na kila wiki analeta mwanaume mwingine.”

Jioni Reine alirudi macho yamemvimba. “Papa, ile nyumba balininyima. Na nilibaambia bakuulize weye, juu weye unanijua muzuri.”

Mudathiru akainama, akajifanya anatafuta sindano iliyoanguka. Reine akachukua ufagio kama kila siku, akafagia mpaka kwenye kiti chake.

“Inua miguu kidogo, Papa,” akasema, “nisikuchafue.”