Ndimu katika Maji ya Majivu

Ni mimi niliyekamulia ndimu katika chungu cha mama. Nilikana kwa miaka mingi: kwanza kwa kiapo, kisha kwa kunyamaza, na nilipopata elimu, kwa kubadilisha mazungumzo kwa ufasaha.

Tulikaa Kasongo, Wabelgiji wakitawala bado. Mama alikuwa hodari wa sabuni ya mawese, aliyoipika kwa maji ya majivu ya maganda ya ndizi. Mimi nilitaka inukie kama ya dukani. Alipokwenda kusali adhuhuri, nilikamua kapu zima la ndimu ndani ya yale maji. Yakafura povu bila moto. Nikaogopa, nikatupa maganda ya ndimu nyuma ya jiko.

Mama alitia mafuta, akakoroga mpaka jua likashuka. Mafuta yalielea tu.

"Kuna mutu amepita hapa na jicho baya," akasema.

Baba akaniita. "Wewe ulikuwa hapa. Nani alikaribia chungu?"

Nyuma yake alisimama mke wake mdogo, ndoo ya maji ingali kichwani. Hakuwa amezaa, na baba alikwisha kuapa kwamba kosa moja zaidi, atamrudisha kwao Kabambare.

"Mama mudogo," nikasema.

"Sema tena, mwanangu," akaniambia mama mdogo, taratibu. "Lakini uniangalie."

Nilisema tena. Sikumwangalia.

Asubuhi aliondoka na furushi lake la nguo. Nikakimbia kuficha yale maganda, hayakuwapo. Nikawashukuru mbuzi wetu kwa kuyala.

Miaka ikapita. Chuo kikuu, mwalimu alichora mshale ubaoni. Maji ya majivu, alisema, yana chembe zenye chaji hasi, zilizojaa elektroni. Ndani ya mafuta kuna kaboni ambayo oksijeni jirani zake zimevuta elektroni zake, ikabaki na upungufu. Chembe hizo huivamia kaboni hiyo, mafuta hukatika, sabuni hupatikana. Ukitangulia kutia asidi, chaji yake chanya huzinasa chembe zile, na mafuta hayaguswi na chochote.

Wenzangu walinakili. Mimi nilikuwa nahesabu ndimu.

Jioni ile nilikwenda posta, nikaomba simu ya Kasongo, nikangoja mama aitwe kwenye duka la mjomba.

"Mama, ile sabuni iliyoharibika. Haikuwa jicho. Ni ndimu, na ni mimi."

Waya ukakwaruza.

"Yale maganda," akasema, "ulifikiri nani aliyazika kama si mimi?"