Barua Isiyo na Salamu

Karani wa kompyuta pale sekretariati ya Rumonge, duka la kuchapia na kutumia watu barua, barua pepe yenye kiambatisho ikiingia, huondoa mkono kwenye kipanya na kuukalia. Kisha huitafuta salamu, midomo ikicheza. Vita vimetufundisha kutofungua mlango kabla mpiga hodi hajajitaja, naye ameuleta utaratibu huo mpaka kwenye mashine: kiambatisho cha barua isiyo na salamu hakifunguliwi, maana kirusi kimoja kingeiua kompyuta, na mji mzima hauna nyingine.

Jumatatu iliingia moja kutoka anwani ya Assumani, mtoto wa Mwanahamisi muuza ndagala, dagaa wa ziwani; kijana huyo alikimbilia Tanzania akanyamaza miaka miwili. Ilikuwa na maneno matatu ya Kiingereza, na kiambatisho.

"Fungua, dada!" alisema Mwanahamisi, aliyeitwa mbio kutoka sokoni. "Labda ni picha yake."

"Assumani alisoma Kiingereza wapi, Mama? Na asikuamkie hata wewe?"

"Wewe unaogopea chuma, mimi natafuta mutoto!"

Karani aliandika kwa vidole viwili: Wewe ni nani? Nyumbani mama anakuitaga nani?

Jibu lilikuja Alhamisi. Alilisoma polepole mpaka Mwanahamisi akamvuta bega.

"Sema basi!"

"Anasema shikamoo Mama. Ile fishie iliyokuja na barua ya Jumatatu si yeye ametuma, tusiifungue, mashine ya kule inaumwa. Yeye iko muzima. Anasema unamuitaga Mukeke, kama samaki."

Mwanahamisi alikaa sakafuni, kitenge usoni.

"Ni yeye," alisema mwishowe. "Muandikie: akirudi, nitamuchapa."

Karani akaandika hivyo hivyo, bila kupunguza neno.