Ng'ombe wa Maji Masafi

Nilikuwa nimemaliza sekondari, nikiwa nimesoma kemia, shimi kama wanavyoiita Goma, nilipoolewa katika nyumba yenye bwawa la kuogelea. Nyumba hiyo ya Goma ilikuwa ya Mzungu wa kahawa. Alipoondoka, baba mkwe akaipata, na bwawa likaja nayo kama kiroboto na mbwa. Wakati wa mvua lilikaa tupu. Kiangazi lori lilileta maji ya ziwa, wajukuu wa likizo waoge na wageni waone.

Nilikuwa na nafasi ya kusoma chuo kikuu Bukavu. Kabla ya arusi baba mkwe alikubali niende. Baada ya arusi niliweza kumuuliza kwa kumpitia mama mkwe tu, maana kwetu Masisi bibi-arusi hasimami mbele ya baba mkwe na kudai. Jibu likarudi kwa mdomo wa mama:

"Papa anasema, wewe ulisoma shimi. Chunga kwanza maji mpaka mvua irudi, kisha utaenda."

Nikachunga. Maji ya Kivu yana magadi. Ukitia klori kabla ya kuyapunguza magadi hayo, klori inalala tu, na bwawa linageuka kijani kama sombe, yale majani ya muhogo. Niliomba asidi ya betri gereji, nikaimimina kidogo kidogo ndani ya ndoo ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi, kisha nikaisambaza bwawani. Nilichota maji katika chupa ndogo na kutia matone ya dawa: yakiwa mekundu, magadi bado mengi, yakiwa ya njano, nimezidisha asidi, yakiwa rangi ya chungwa, napumua. Klori niliitia jioni, maana jua huila.

Mikono ilibabuka. Vitenge vyangu vikajaa madoa meupe. Mawifi waliniita mama samaki. Nilicheka nao huku moyoni nikiwatukana. Kwenda mtaa wa Majengo kumsalimia dada yangu haikuwezekana, kwani vumbi jeusi la barabara lilianguka majini kila mchana. Ukuta wa mawe ya volkano ulizunguka ua, nami nikaujua jiwe kwa jiwe. Nilichukia kila jiwe.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Mimi kila niliposifiwa nilizidi kusafisha, mjinga mimi. Niliamini kwamba maji yakibaki safi, nitaondoka.

Mvua ilipokaribia, baba mkwe alialika wazee. Sakafu ya bwawa ilionekana mpaka nyufa zake. Akaniita. Nikaja nimeinamisha macho, moyoni nikisema: leo ananiaga.

"Wazee, muone hii maji," akasema. "Bila huyu mutoto, ingekuwa matope. Bibi ya kijana wangu hatatoka tena hapa. Ninamupatia ngombe."

Vigelegele vikapigwa. Kwetu, ukimpokea ng'ombe, wewe ni mtu wa aliyekupa. Ukimkataa, umemtukana, na aibu inafika mpaka kwa baba yako mzazi. Tena aliyepewa lazima apaze sauti kushukuru. Wote wakasubiri.

Mama mkwe akaninong'oneza: "Itika, mutoto. Na mimi baba mukwe wangu alinipatiaka."

"Papa amenipa ng'ombe!" nikapaza sauti. "Papa amenipa ng'ombe!"

Wazee wakapiga makofi. Wajukuu wakarukia majini wote kwa pamoja, nami nikaenda kuchukua chupa yangu ya kupimia.