Herufi zenye Kivuli

Mtaa mzima wa Gatina, kila kibao kilitoka mkononi mwa fundi yule wa rangi. Herufi zake zilikuwa nene, zenye matumbo, kama za majalada ya santuri za zamani, na kila moja aliitia kivuli cheusi ubavuni. Za bucha, za kinyozi, za kanisa, zote zilinenepa sawa. Aluoch, muuza dagaa wa omena, alishamzoea: kidole cha mwisho kimeegemea ukuta, pumzi kaibana kwenye kona ya herufi, kisha anarudi nyuma, anafumba jicho moja, anaguna kama mtu aliyebeba gunia tangu alfajiri.

Asubuhi hiyo mwenye ploti alikuwa amemtuma fundi aweke X nyekundu kwenye milango ya mabati, wapangaji wahame, ghorofa ijengwe. Akaziweka nene vilevile, na vivuli vyake.

“Fundi, kwani hata hii lazima uirembe?” Aluoch alimuuliza, amesimama mlangoni pake.

“Sijui kuandika ingine, mathe.”

Mlango wa mwisho ulikuwa wa chumba alichopanga fundi mwenyewe. Akachora X, akaitia kivuli, akarudi nyuma, akafumba jicho, akaguna. Mguu mmoja wa X ulikuwa umepinda kidogo. Akachovya brashi, akaunyoosha.