Fomu ya Wasiojiweza

Juma lililopita nilipeleka blanketi za kanisa letu katika nyumba moja hapa Kitale, ambako watu wenye ulemavu wanaishi pamoja, wanasaidiwa, na kodi ni ndogo. Ofisini nilimkuta mama mmoja aliyepooza upande wa kulia, mkongojo wake umeegemea meza. Alikuja kuomba chumba.

Karani akafungua fomu.

"Unajipikia?"

"Najipikia."

"Kufua je?"

"Nafua."

"Na kuoga?"

"Hata kuoga naoga mwenyewe, madam." Alisema amenyoosha mgongo, kama mtu anayeomba kazi.

Karani akaweka alama tatu, akashusha pumzi. "Basi pole, mama. Hapa tunachukua wale hawajiwezi."

Mama akaisogelea meza. "Madam, nimetafuta chumba kutoka Bungoma mpaka hapa mtaa wa Tuwan. Mwenye ploti akisikia huwezi, anasema kimeshachukuliwa. Nimezoea tu kusema naweza. Si uniulize tena?"

"Na vile nimeshaandika na kalamu ya wino?"

Sikumlaumu sana karani, naye alionekana amechoka kama sisi. Akasukuma fomu itiwe sahihi. Mama akashika kalamu kwa mkono ulio mzima, lakini karatasi ikawa inateleza mezani, maana ule mwingine haukuweza kuizuia. Karani akainuka, akaibana kwa vidole viwili, akangoja kwa upole mpaka mama akamaliza kutia sahihi kwamba hahitaji msaada wa mtu.