Jicho Jekundu la Kopepodi

Baba yangu alifundisha biolojia katika shule ya misheni hapa Kamina mpaka alipostaafu. Kila mwaka alichora ubaoni mnyama ambaye hakuwahi kumwona: kopepodi, ndugu wa kamba, mdogo kuliko punje ya ulezi, anayeelea pale mto unapochanganyika na chumvi ya bahari. Alimchora kwa chaki nyeupe, kisha akamtia jicho moja jekundu katikati ya kichwa. Nilikuwa darasani mwake, nikambishia: mnyama gani ana jicho moja? Alicheka, akaniambia niende nikatafute.

Nilikwenda. Chuo kikuu, Lubumbashi, niliandika juu ya kopepodi huyohuyo, na mwaka jana nikarudi kwa treni na kichupa cha kopepodi waliotoka Moanda, huko maji ya Lualaba yetu yanakoishia baharini. Walikuwa wamehifadhiwa katika alkoholi.

Nilimkuta baba ana mtoto wa jicho. Mama alimsihi aende kupasuliwa. Yeye alishikilia kwamba anaona vizuri, ila taa za siku hizi ndizo hafifu. Mama akatoa sharti: asipomwona mdudu wangu kwenye hadubini, ataenda. Baba akakubali.

Tuliazima hadubini ya shule, tukaiweka uani, kioo chake kikielekea jua. Baba alivua miwani, akainama, akakawia.

"Jicho moja," akasema. "Nyekundu. Njo vile?"

Niliinama baada yake. Alkoholi hufifisha rangi. Jicho lile lilikuwa limepauka hata kabla sijapanda treni. Hapakuwa na wekundu wowote. Baba alikuwa ameona chaki yake.

Mama alikuwa akinitazama. Baba naye aligeuza uso upande wangu, akitabasamu kama mtu aliyefika.

"Njo vile, papa," nikamjibu kwamba ndivyo.

Sasa kila anayemgusia upasuaji, hata mchungaji, hupata jibu lilelile: "Huyu mutoto anabishaka kila kitu. Ile siku hakubisha." Nimejaribu mara nyingi kumweleza habari za alkoholi. Anasema nimerudia ubishi wangu wa darasani, na anafurahi.

Asubuhi hii alimimina chai kando ya kikombe. Mama alifuta meza taratibu, akamsogezea kikombe mpaka kikagusa vidole vyake. Mimi hakunitazama.