Jina la Kapteni

Bi Ghaniya wa Ibra, kule Omani, alikuwa na taipureta aliyotoka nayo Unguja na Kiingereza cha skuli ya Serikali, na kwa vitu viwili hivyo akajihesabu nusu waziri. Mtu akitaka likizo, umeme au radhi ya mkwewe, alikwenda kwake. Barua zake zilikuwa na salamu ndefu mno, hata mwenye malalamiko akisomewa mpaka mwisho husahau alikuwa amekasirikia nini.

Mwaka wa tisini na tano alimjia Selvarasa, Mtamil wa Sri Lanka, fundi katika duka la kanzu la Bi Ghaniya mwenyewe. Wateja wengi wa duka lile walikuwa Waunguja, kwa hivyo kijana wa watu alikijua Kiswahili kabla ya Kiarabu.

"Bibi, kwetu serikali imeweka tume. Inapokea maneno ya watu mpaka mwisho wa mwezi. Nataka unipigie yangu."

Akaeleza, naye Bi Ghaniya akapiga. Miaka mitano nyuma, vita vilipochacha, kijiji kizima kilikimbilia skuli. Asubuhi moja wakaja askari wa serikali. Kapteni wao akasoma kwenye karatasi majina ya wanaume thelathini na wawili, akasema wanakwenda kukata miti ya uzio. Wa saba alikuwa Nadesan, kaka yake Selvarasa. Hakurudi hata mmoja. Baada ya wiki kisima cha shambani kikaanza kunuka, na askari wakawekwa hapo asichungulie mtu.

Bi Ghaniya alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akamsomea alichokiandika. Ilikuwa kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wote salamu. Wa pili ulisikitika kuarifu kwamba baadhi ya wanakijiji walipotea siku zile za mambo.

"Walipotea?" akauliza Selvarasa. "Watu thelathini na wawili hawaijui njia ya kwao?"

"Ndivyo inavyosemwa, mwanangu. Ni adabu."

"Na kapteni yuko wapi humu?"

"Mtu hatajwi jina mbele za watu. Sisi tunasema 'mambo', na kila mtu anafahamu."

Na kweli. Miaka thelathini tangu Mapinduzi ya Unguja, barazani Ibra, kwa halua na kahawa, Waunguja walikuwa wameuliwa na mambo. Mambo yalivunja milango, mambo yalipiga risasi, mambo yalibeba mpaka saa ya ukutani.

Selvarasa akatazama picha iliyotundikwa juu ya kabati. "Kaka yako huyu, Bibi, nani alimuua?"

Bi Ghaniya alifungua kinywa aseme mambo, kikabaki wazi. Jina alilijua. Alikuwa akinunua mafuta ya taa kwa mtu yule, akimwamkia shikamoo kila siku. Hakulitaja. Alizichana kurasa mbili, akatia karatasi mpya.

"Haya, nitajie huyo kapteni wako. Herufi moja moja."

Mwanawe Khattab, mtu wa wizara, alikuwa anavaa viatu mlangoni. "Mama, huyu tumemdhamini sisi. Ubalozi wao ukituuliza?"

"Waambie mamako kazeeka, anapiga mashine ovyo."

Kapteni aliitwa Malgahadeniya. Bi Ghaniya alilipiga jina lote, kisha akaandika "aliwachukua", kisha "waliuawa". Salamu ikabaki mstari mmoja. Barua ilipokwisha alijiona kama mtu aliyetoka nje bila buibui.

Majibu yalichukua mwaka na nusu: maelezo yamepokelewa, shukrani, ushahidi hautoshi. Mwezi uleule dada yake Selvarasa akamtumia kipande cha gazeti. Malgahadeniya alikuwa ndani yake, kifua mbele, akivishwa nishani.

Selvarasa alikileta kile kipande dukani, akakilaza juu ya kanzu isiyokwisha.

"Tuandike tena, Bibi. Sasa ni meja. Tukimwita kapteni watasema hawana mtu kama huyo."

Bi Ghaniya alivaa miwani, akamtazama yule bwana mkubwa pichani, na nywele zake zilizopakwa mafuta vizuri.

"Nitapiga nakala kumi," akasema. "Pa cheo naacha pengo, tutajaza kwa kalamu. Huyu bado anapanda."